Neno Lililompeleka Isa Mpakani

Rabia alikuwa na miaka kumi na miwili, na muda wote wa masomo aliishi kwa shangazi yake huko Pajulu ili asome shule mjini Arua. Likizo ikifika alirudi Koboko kwa bibi yake, Bi Bushira, ambaye wajukuu wote walimwita Habuba, kama Wanubi wanavyowaita bibi zao. Asubuhi za likizo zilifanana. Rabia alifagia ua, akachemsha chai ya tangawizi, akamwosha uso mdogo wake Isa, kisha wote watatu wakaketi mkekani. Habuba alishika sindano yake akasuka tabaga, yale mafuniko ya ukindu wa rangi ambayo Wanubi hufunikia chakula cha wageni. Isa, ambaye ndiyo kwanza ametimiza miaka mitatu, kazi yake ilikuwa kuiba ukindu mwekundu na kuuficha chini ya mkeka. Mama yao, Sadiya, alikuwa Juba kwa biashara ya nguo. Siku aliyoondoka hakusema mengi. Alisema tu kwamba anawaachia Isa.

Chai ikiisha, watoto wa jirani walikuja na maneno. Ndiyo, maneno! Wengine huleta mpira, hawa walileta maneno ya Kiingereza, maana walijua kwamba Rabia anaweza kuyafungua. Mwalimu wake wa Arua, Mwalimu Kenneth, aliwahi kusoma seminari, na aliwafundisha wanafunzi wake kwamba maneno mengi ya Kiingereza ni wajukuu wa Kilatini, lugha ya zamani ya Roma. Ukimjua babu, alisema, mjukuu hakusumbui sana. Lakini kila mara aliongeza kwamba mjukuu naye ana tabia zake, kwa hiyo ukiisha kumtambua babu, bado umwulize mjukuu mwenyewe. Sehemu ya kwanza Rabia aliikumbuka vizuri. Ya pili iliingia sikio hili ikatokea lile.

Shafiki, mtoto wa Yakubu mwendesha boda, alitaka kujua "transport". Rabia akamjibu kwamba "trans" ni ng'ambo na "port" ni kubeba, basi ni kubeba mpaka ng'ambo. Watoto wakatazama barabarani, ambako malori ya Sudan Kusini na Kongo yalikuwa yakipita na vumbi lake, wakaona ni kweli tupu. Mwingine akaleta "doctor". Hilo, alisema Rabia, linatoka kwenye kufundisha. Na "patient" je? Linatoka kwenye kuvumilia. Na "companion"? Hapo Rabia alicheka, akawaambia kwamba ndani yake mna mkate: mwenzako ni yule mnayekula naye mkate. Habuba alisikiliza huku sindano ikienda, na moyo wake ukajaa fahari.

Lakini msichana huyu alikuwa na kasoro moja, nami sitaificha. Hakujua kusema "sijui". Neno likimshinda, alikamata kipande anachokijua, kingine akakishona kutoka kichwani mwake. Siku moja Shafiki alimwuliza "umbrella" limetoka wapi. Rabia, bila kupepesa jicho, alisema limetoka kwenye neno la Kilatini la mvua. Watoto wakaitikia kwa vichwa. Nani angembishia? Mwongo wa kijiji kisicho na kitabu hana mpinzani.

Kisha homa ikamshika Isa.

Ilianza kama homa za siku zote. Habuba alimpa vidonge vilivyobaki tangu homa iliyopita, akamkanda kwa kitambaa cha maji, akamsomea dua. Homa ilishuka, ikapanda, ikashuka tena. Asubuhi moja Rabia alipotandika mkeka aligundua kwamba hakuna ukindu ulioibwa. Isa alilala tu, macho nusu wazi. Habuba akamfunua kiganja, akakitazama, akamwita Rabia aje atazame naye. Kilikuwa cheupe kabisa. Habuba hakumaliza hata kuvaa viatu vyake; alimwita Yakubu kwa sauti ambayo Rabia hakuwahi kuisikia kwake, na muda si muda walikuwa juu ya boda wakielekea kituo cha afya.

Kituo kilifurika watu. Wauguzi wanaojua Kinubi na Kikakwa walikuwa wameondoka na gari la wagonjwa, akabaki Sista Prossy, mgeni kutoka kusini mwa nchi, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza. Alikuwa akikimbia kutoka kitanda hadi kitanda. Alimtazama Isa, akamvuta kope, akamtoboa kidole na kuchukua damu, akapeleka maabara. Aliporudi uso wake ulikuwa umebadilika. Akamgeukia Rabia, akamwuliza kwa Kiingereza kama anakijua Kiingereza.

Rabia alijibu kwamba anakijua, tena vizuri sana.

"Mwambie bibi yako mtoto anahitaji transfusion, haraka," alisema Sista Prossy kwa Kiingereza. "Umeelewa?"

Sasa sikilizeni. Rabia hakulijua neno lile. Hakuwahi kulisoma, hakuwahi kulisikia. Sista alikuwa amesimama mbele yake, na kumwuliza maana yake kungechukua muda wa kufunga kifungo cha shati. Lakini nyuma ya Rabia walikuwepo akina mama wengi wakimtazama mtoto huyu anayezungumza na sista bila kusitasita, na Habuba alikuwa akiwatazama akina mama hao kwa fahari hata katika uchungu wake. Rabia alisema ameelewa. Sista akamwambia anakuja sasa hivi, akatoka mbio kuelekea maabara.

"Amesema nini?" aliuliza Habuba. "Mtoto iko namna gani?"

Rabia akalishika neno kama alivyoyashika mengine yote. "Trans" alilijua. Nani asiyelijua Koboko, mji wenye Kongo upande huu na Sudan Kusini upande ule, ambako neno hilo limeandikwa kwenye lori na karatasi ya forodha? Kipande cha pili hakukijua, basi akakiruka. Akamwambia Habuba kwamba Isa lazima apelekwe ng'ambo, upesi.

Habuba alishangaa. Ng'ambo wapi? Sudan Kusini, ambako watu wanakimbilia huku kutafuta dawa? Kisha akakumbuka. Mwaka ule wa vita, alipokuwa msichana na Wanubi wakakimbia mji na mizigo kichwani, kaka yake aliugua sana, akatibiwa na madaktari wa misheni upande wa Kongo, akapona. Uso wake ukapata matumaini.

"Ni Kongo?" aliuliza.

Na Rabia, kwa kuwa swali lilikuwa limekuja na jibu lake, alisema ndiyo, ni Kongo.

Walingoja. Sista Prossy hakutokea. Pumzi za Isa zilikuwa za haraka na fupi, na kila pumzi ilimkaza Habuba zaidi. Alisema kama ni Kongo, wanangoja nini? Akamfunga Isa kifuani kwa kanga, wakatoka kwa mlango wa nyuma, wakampata Yakubu bado yupo langoni. Rabia alipanda nyuma kabisa. Wazo lilimjia kwamba ateremke, akamtafute sista, amwulize. Akalisukuma mbali. Alijiambia kwamba lazima iwe hivyo, trans ni ng'ambo, Mwalimu Kenneth mwenyewe alisema.

Barabara ya mpakani ilikuwa mbaya. Mvua za wiki ile zilikuwa zimechimba mitaro, na Yakubu alilazimika kwenda polepole, mguu mmoja chini. Mwanzo Isa alilia kila walipotikiswa. Kisha akaacha kulia, na hilo lilikuwa baya zaidi. Habuba alikuwa akisoma dua kwa sauti ya chini, akikatiza kuita jina la mtoto, Isa, Isa, baba yangu, kisha akarudia dua. Rabia alikuwa ameegemea mgongo wa bibi yake, akausikia ukitetemeka. Maji yalikuwa yamezidi unga, na aliyeyamimina ni yeye.

Mpakani palifungwa kamba kati ya nguzo mbili, wakateremka. Askari mmoja mrefu aliyeitwa Abiriga alitoka kwenye kibanda, akawatazama, akauliza mgonjwa anapelekwa wapi. Habuba akamweleza kwamba wametumwa na kituo cha afya wavuke wakatibiwe Kongo.

Abiriga akakunja uso. Alisema hajawahi kusikia kituo kikimtuma mgonjwa Kongo. Ikiwa wametumwa kweli, wana karatasi ya sista? Habuba akageuka kumtazama mjukuu wake.

"Rabia, karatasi iko wapi?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni. Karatasi imeanguka njiani. Maneno machache tu, na kamba ingeshuka, na hakuna ambaye angejua kamwe. Hapo kichwa cha Isa kikaanguka upande, na Rabia akaona midomo yake. Ilikuwa na rangi ya majivu. Akakaa chini kwenye vumbi.

"Hakuna karatasi, Habuba," alisema. "Sista hakusema Kongo. Hakusema ng'ambo. Alisema neno ambalo silijui, nikaona aibu kusema silijui."

Yakubu alizima pikipiki, kisha akaiwasha tena. Rabia alingoja kofi, na angelipokea kwa shukrani, lakini Habuba hakuinua mkono. Aliuliza tu ni neno gani. Rabia akalitamka.

"Transfusion?" alisema Abiriga. "Mama, hiyo ni kuongezewa damu. Mke wangu aliongezewa alipojifungua. Mtoto huyu ameishiwa damu, na damu yake inamngoja kule mlikotoka. Rudini!"

Akamsaidia Habuba kupanda, akaitazama boda ile na barabara ile, kisha akamweka Rabia kando. Alisema pikipiki iende nyepesi. Msichana abaki.

Yakubu akaondoka kwa kasi ambayo hakuithubutu walipokuja. Habuba hakugeuka nyuma. Rabia alisimama akiiangalia kanga ya bibi yake ikipotea kwenye kona, kisha akaanza kukimbia. Abiriga alimwita akamwambia angoje, atampata mtu wa kumpa lifti, lakini Rabia hakusikia. Alikimbia mpaka kifua kikamwuma, akatembea, akakimbia tena. Akina mama waliokuwa wakirudi kutoka mashambani na mihogo vichwani walimpisha, wakamwuliza kulikoni, akawapita mbio. Angewaambia nini? Kwamba amemuua mdogo wake kwa neno moja? Njia nzima alimwona mama yake akishuka kwenye basi la Juba na mfuko wa zawadi, akimwuliza Isa yuko wapi. Alilia kwa sauti, peke yake, na hakujali nani anamwona.

Jua lilikuwa limeshapinduka alipofika langoni mwa kituo. Na hapo, jamani, miguu ikagoma. Kwetu mtu akifa wodini huhitaji kuambiwa, utasikia akina mama wakipiga yowe. Rabia akasimama chini ya dirisha la wodi ya watoto, mikono kwenye mdomo, akatega sikio. Alisikia mtoto akikohoa, sufuria ikiburutwa, mtu akizungumza Kikakwa kwenye simu. Yowe halikuwepo. Lakini alijua kwamba yowe laweza kuwa limeshapigwa na kumalizika.

Sista Prossy ndiye aliyemwona. Alimshika mkono, akamwingiza ndani.

Isa alikuwa kitandani. Juu yake ulining'inia mfuko wa damu, na mpira mwembamba ulishuka hadi mkononi mwake, tone baada ya tone. Macho yalikuwa yamefumba. Habuba alikuwa ameketi sakafuni, mkono mmoja juu ya mguu wa mtoto. Rabia akatazama kifua cha Isa kikipanda na kushuka, akaogopa kukiacha hata kwa kupepesa macho.

Sista Prossy alimweleza, na safari hii alizungumza polepole. Aliporudi na mfuko wa damu aliomtayarishia Isa alikuta kitanda kitupu. Alikimbia mpaka langoni akiwauliza watu. Damu ya aina ile ilikuwa moja tu iliyobaki kwenye friji, na alikuwa karibu kuitoa kwa mtoto mwingine wakati Habuba alipoingia akipiga kelele. Yule mwingine naye alitafutiwa damu kutoka Arua, na gari lilikuwa njiani. Sista alisema kwamba naye ana kosa, kwa kuwa alipaswa kumwambia Rabia arudie maneno kwa lugha yake mwenyewe. Kisha Rabia akamwuliza swali ambalo lilikuwa limechelewa: neno lile maana yake nini hasa? Sista akaelekeza kidole kwenye mfuko. Ni kumimina, alisema, kumimina damu kutoka kwa mtu huyu kwenda kwa mtu yule.

Kumimina ng'ambo. Kumbe kipande cha kwanza alikuwa nacho sawasawa. Ng'ambo iliyosemwa haikuwa ya mpaka, ilikuwa ya mwili mmoja na mwingine. Rabia alijificha uso kwenye kanga ya bibi yake, na Habuba akamwacha alie mpaka alipochoka.

"Nisikilize sasa," alisema Habuba. "Tabaga inaanza wapi?"

Rabia akajibu kwamba inaanza katikati, kwenye kitovu.

"Na ukiisha kusuka kitovu, unaweza kufunikia chakula?"

Rabia akatikisa kichwa.

"Basi. Kitovu ulikuwa nacho, mwanangu, na ni kitu kizuri, mwalimu wako hakukudanganya. Lakini wewe ulifunika nacho sinia nzima, ukaniambia chakula iko salama. Kutojua si dhambi. Mimi nina mvi na kila siku kuna kitu sijui. Ulichokosea ni kusema unajua, mbele ya mtu ambaye angekufundisha bure. Kuuliza kungekupa aibu ya kitambo kidogo. Kutouliza kulitaka kutupatia kaburi." Akamfuta machozi kwa ncha ya kanga. "Na mimi pia nilipenda mno kukusikia ukijua kila kitu. Nilikupigia makofi mahali pa kukuuliza. Hilo ni langu, nalo nimelibeba."

Alasiri ile ilikwenda polepole mno. Homa ilikuwa bado ipo, na sista alikuja mara kwa mara kugusa shingo ya Isa na kuhesabu pumzi zake. Hakuna aliyewaahidi kitu. Mfuko ulipokaribia kwisha, Isa alifungua macho, akamtazama Habuba kwa muda mrefu, kisha akasema kwa sauti ya kukwaruza kwamba anataka chai. Habuba alicheka na kulia kwa pamoja. Rabia alifungua kiganja cha mdogo wake, akakitazama upande huu na upande ule. Kwa mbali, katikati, kilianza kuwa cha waridi.

Siku iliyofuata Shafiki alikuja na baba yake kuleta uji. Rabia alimvuta pembeni akamwambia kwamba lile neno "umbrella" alimdanganya, hakulijua, na atamwuliza Mwalimu Kenneth shule ikifunguliwa. Shafiki alikasirika, maana alikuwa ameshawafundisha wenzake wote. Rabia akasema basi watakwenda pamoja kwa hao wote, na atawaambia yeye mwenyewe.

Kabla hawajaruhusiwa kwenda nyumbani, mama mmoja Mkakwa kutoka Abuku aliingia na mtoto mchanga ambaye mguu wake mmoja ulikuwa umepinda kwa ndani. Wauguzi wenyeji walikuwa na kazi upande wa pili, na Sista Prossy akamwomba Rabia amtafsirie. Akasema mguu ule ni "congenital", na kwamba unatibika.

Neno likaanza kujifungua lenyewe. "Con" ni pamoja. Kile cha katikati ni kuzaliwa. Kuzaliwa pamoja: huyu ni pacha! Rabia alikuwa na jibu zima, tena linang'aa. Yule mama alimtazama usoni akingoja, na wodi nzima ikamtazama. Aibu ile ya zamani ikapanda mpaka masikioni. Rabia akamgeukia sista.

"Sista, neno hilo silijui," alisema. "Tafadhali nieleze kwanza."

Sista akaeleza kwamba mtoto alizaliwa na mguu wa hivyo, haukuvunjika wala haukulogwa, na kuna daktari Arua anayenyoosha miguu ya aina hiyo. Rabia akarudia maelezo yote ili kuhakikisha, kisha akamwambia mama kwa Kikakwa, neno kwa neno. Mama yule akashusha pumzi ndefu, akamshika mtoto wake vizuri.

Habuba alikuwa ameketi kando ya kitanda cha Isa na sindano yake, akiongeza mzunguko mwingine kwenye tabaga. Isa alikuwa ameficha ukindu mwekundu chini ya shuka.

"Hapo sasa," alisema Habuba bila kuinua kichwa, "umeanza kusoma."